Nketia wa Mampong: Mtunzi Aliyesomea kwa Wapiga Ngoma

Mwaka 1933, katika mji wa Akropong ulioko juu ya vilima vya Akuapem, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ghana, mwalimu mmoja wa muziki alifukuzwa kazi, na chanzo kilikuwa nguo. Ephraim Amu alipanda mimbarani kuhubiri akiwa amejitanda kitambaa cha kienyeji, bila suti wala tai. Tena darasani, katika chuo cha ualimu cha Wapresbiteri, aliwafundisha vijana nyimbo alizozitunga mwenyewe kwa lugha za nyumbani, zenye mapigo yaliyowakumbusha watu ngoma za mitaani. Wakubwa wa kanisa waliona mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja. Walimwonya, hakusikia, wakamwondoa.

Miaka minne baadaye kijana wa miaka 16 aliwasili chuoni hapo akitokea Mampong, katika nchi ya Waasante. Jina lake Joseph Hanson Kwabena Nketia. Amu hakumkuta, lakini nyimbo za Amu alizikuta zingali zinaimbwa. Kijana huyu ndiye aliyekuja kuwa mtunzi wa muziki wa piano, wa fidla na wa kwaya, profesa katika vyuo vikuu vya Afrika na Marekani, na mwandishi ambaye hakuna anayesomea muziki wa Afrika akakwepa vitabu vyake. Habari zake husimuliwa zaidi kama habari za mtafiti. Ni afadhali kumtazama kwanza kama mtunzi, kwa kuwa utafiti wake wote ulitokana na swali la mtunzi: Mwafrika aliyejifunza kuandika nota aandike nini, na aanzie wapi?

Swali hilo lilikuwa zito zaidi kuliko linavyosikika, na uzito wake ulikuwa kwenye lugha. Kitwi, lugha ya Waasante na ndugu zao wengi wa jamii ya Waakan, ni lugha ya toni, sawa na Kiganda, Kikikuyu au Kisukuma. Silabi ikitamkwa kwa sauti ya juu neno lina maana yake, ikitamkwa kwa sauti ya chini neno huweza kuwa jingine kabisa. Wamisionari walipoleta tenzi za Kijerumani na za Kiingereza, walitafsiri maneno na kuziacha tuni zilivyokuwa. Tuni ikapanda mahali neno lilipotakiwa kushuka, ikashuka mahali lilipotakiwa kupanda, na waumini wakaimba mistari ambayo masikio yao hayakuielewa mpaka wafungue kitabu. Waimbaji wa Kiswahili wanaujua mkasa wa aina hiyo kwa kiasi chake: Kiswahili hakina toni, lakini shadda hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mwanakwaya ameshaimba wimbo wa kutafsiriwa ambao pigo kubwa linaangukia silabi isiyo yake.

Dawa ya Amu ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuitekeleza. Aliyasema maneno kwanza, akasikiliza sauti inapopanda na inaposhuka, kisha akaitengeneza tuni ifuate njia hiyo hiyo. Ugumu ulianza pale alipotaka kuandika kwa sauti nne. Ikiwa soprano, alto, tenori na besi wanatamka neno moja kwa wakati mmoja, basi kila sauti inapaswa kupanda na kushuka pamoja na nyenzake, vinginevyo besi atakuwa anasema neno ambalo soprano halisemi. Vitabu vya Ulaya vya kupanga sauti vilifundisha kinyume: besi ikipanda, soprano ni vizuri ishuke, na baadhi ya mienendo ya sambamba ilikatazwa kabisa. Mtunzi wa Kitwi alilazimika kuchagua kati ya kanuni za kitabu na maana ya neno. Bahati ni kwamba Waakan, katika uimbaji wao wa asili, walikuwa wamezoea tangu zamani kuimba sauti mbili zinazotembea sambamba, moja juu ya nyingine kwa umbali wa nota tatu. Jibu lilikuwepo tayari kijijini. Lilihitaji mtu wa kulisikiliza kwa makini na kuliandika.

Nketia alikuwa na sababu ya kusikiliza. Alizaliwa Mampong tarehe 22 Juni 1921, na Mampong si mji wa kawaida katika historia ya ngoma. Mwaka 1923, mtoto akiwa bado anajifunza kusema, afisa wa Kiingereza R. S. Rattray alichapisha kitabu chake kuhusu Waasante, na ndani yake aliweka historia ya watawala wa Mampong kama ilivyopigwa kwenye ngoma: majina, sifa na matukio, yote yakisemwa kwa mikwaju bila mtu kufungua mdomo. Ngoma zinazofanya kazi hiyo huitwa atumpan. Ni mbili, husimama pamoja mbele ya mpigaji mmoja. Yenye sauti nzito huitwa dume na yenye sauti nyembamba huitwa jike. Kwa kuwa Kitwi kina toni za juu na za chini, mpigaji huzigawa silabi kati ya ngoma hizo mbili, na msikilizaji aliyefundishwa hupata sentensi nzima. Mpigaji wa ngoma za mfalme alikuwa mhifadhi wa kumbukumbu za ukoo, mshairi na mtangazaji kwa mpigo mmoja.

Akropong nayo ilikuwa shule ya lugha kabla ya kuwa shule ya kitu kingine. Wamisionari wa Basel walifika huko mwaka 1835 na chuo chao kikafunguliwa mwaka 1848. Mmoja wao, Johann Gottlieb Christaller, alichapisha sarufi ya Kitwi mwaka 1875, mkusanyo wa methali 3,600 mwaka 1879, na kamusi kubwa mwaka 1881. Kazi hiyo ilirithiwa na Waakan wenyewe, na mwalimu Clement Akrofi, aliyemfundisha Nketia, alitoa sarufi ya Kitwi iliyoandikwa kwa Kitwi. Katika mazingira hayo kijana alijifunza kwaya na sarufi chini ya paa moja, na hakuona sababu ya kuvitenganisha. Alipohitimu alibaki kuwa mwalimu.

Mwaka 1944, vita vikiwa havijaisha, alipelekwa London kusaidia kufundisha Kitwi katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika, kile kinachojulikana kama SOAS. Huko alisomea isimu kwa J. R. Firth, bingwa wa fonetiki na mwalimu aliyesisitiza kwamba maneno yasomwe pamoja na mazingira yanamotumika. Akasoma pia Birkbeck College, akasoma muziki Trinity College of Music. Na usiku aliandika. Mashairi yake ya Kitwi ya miaka hiyo mitano yalitoka kwa jina *Anwonsem*, na tamthilia yake *Ananwoma* ikatoka mwaka 1951. Kwa hiyo mtu aliyerudi Akropong mwaka 1949 alikuwa na sikio la mwanaisimu, kalamu ya mshairi na mafunzo ya mtunzi wa Kizungu. Kilichokosekana ni yale yaliyokuwa vichwani mwa wazee, ambayo hakuna chuo kilichoyafundisha.

Nafasi ilipatikana mwaka 1952. Chuo Kikuu cha Gold Coast, kama Ghana ilivyoitwa enzi za ukoloni, kilichokuwa kichanga, kilimwajiri kama mtafiti katika idara ya sosholojia. Idara hiyo iliongozwa na Kofi Busia, msomi ambaye miaka 17 baadaye alikuwa waziri mkuu wa Ghana. Leo ni ajabu kidogo kuona mtunzi wa muziki akifadhiliwa na idara ya sosholojia, lakini idara ya muziki wa Kiafrika haikuwepo mahali popote. Nketia alichukua mashine ya kurekodia tepu na kuanza kuzunguka.

Kitabu cha kwanza kikubwa kilichotokana na mizunguko hiyo, kilichotoka mwaka 1955, kilihusu mbolezi: nyimbo ambazo wanawake wa Kiakan huimba kwenye misiba. Uchaguzi huo unaeleza mengi. Mtafiti wa muziki wa Afrika aliyetaka sifa za haraka angeanza na ngoma, kwa kuwa ngoma ndiyo iliyowavutia wageni. Nketia alianza na sauti ya mwanamke aliyefiwa, anayetembea huku na huku mbele ya waombolezaji, akimtaja marehemu kwa majina yake ya sifa, akiwataja mababu, ukoo, na mji ambao ukoo ulitokea. Alionyesha kwamba maneno hayo, ambayo mpita njia angeyadhani ni kilio cha ghafla, yana mpangilio: kuna namna ya kufungua, kuna mafungu ya sifa yanayorithiwa, kuna mahali ambapo mwimbaji anaruhusiwa kuongeza la kwake. Kwa mtunzi, hilo lilikuwa somo la umbo. Kabla ya hapo, mtu akitaka kujifunza jinsi kipande cha muziki kinavyojengwa aliambiwa akasome sonata.

Ngoma alizifikia baadaye, na alizifikia kwa ukamilifu. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1963 kuhusu upigaji ngoma wa Waakan, aliugawa upigaji huo katika namna tatu. Kuna ngoma zinazosema, kama atumpan zinaposimulia. Kuna ngoma zinazotoa ishara, yaani pigo fupi linalojulikana na wote, la kuita watu au kutangaza hatari. Na kuna ngoma za kucheza. Ngoma ileile yaweza kupita kutoka namna moja hadi nyingine katika hafla moja, na mchezaji hodari huitambua sentensi iliyofichwa ndani ya mapigo ya kuchezea. Mgawanyo huu unaonekana mwepesi leo kwa sababu vitabu vingi vimeurudia.

Katika miaka hiyohiyo alitatua jambo jingine lililowasumbua waandishi wa Ulaya kwa muda mrefu. Wengi wao walisikia ngoma za Afrika Magharibi kama mvua ya mapigo yasiyo na mwanzo wala mwisho. Nketia aliwaambia wasikilize kengele. Katika ngoma nyingi za Waewe, jamii nyingine ya Ghana, kwa mfano, kengele ya chuma hugongwa mara 7 ndani ya mzunguko wa mapigo madogo 12, na nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani: mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja, kisha mzunguko unaanza upya. Kengele haibadiliki tangu ngoma inapoanza mpaka inapokwisha. Wapiga ngoma, waimbaji, wapiga makofi na wachezaji wote hujipanga kwa kuisikiliza hiyo, kila mmoja akiingia mahali pake kwenye mzunguko. Aliuita mpangilio huo mstari wa muda, na wataalamu hutumia jina hilo mpaka sasa. Kwa mtunzi maana yake ilikuwa kwamba muziki huu una nidhamu kali ya wakati, tena inayoweza kuandikwa, ila haikai sawa katika vipimo vya mbili-mbili na tatu-tatu vilivyozoeleka kwenye karatasi za nota.

Mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Ghana kujitawala, alikwenda Marekani kwa ufadhili wa Rockefeller Foundation. Alipita shule ya muziki ya Juilliard, akakaa chuo kikuu cha Columbia kwa Henry Cowell, mtunzi aliyekuwa maarufu kwa kupiga vitufe vya piano kwa ngumi na viwiko na kwa kufundisha muziki wa mataifa yote ya dunia. Akaenda pia Northwestern, kituo kikuu cha masomo ya Afrika nchini humo, chini ya Melville Herskovits. Cowell hakuwa mtu wa kumshangaa mwanafunzi anayetaka piano isikike kama kitu kingine.

Ndicho hasa Nketia alichokuwa akikitafuta. Vipande vyake vya piano alivyoviandika kwa miaka mingi vina majina yanayotaja chimbuko lake waziwazi: *Builsa Work Song* na *Dagarti Work Song* ni nyimbo za kazi za watu wa kaskazini mwa Ghana, *Dagomba* ni jina la watu wa huko huko, *Bolga Sonata*, ya fidla na piano, imechukua jina la mji wa Bolgatanga. Inafaa kuangalia kwamba mwana wa Asante hakujifungia kwa Waasante. Kaskazini kuna muziki mwingine kabisa, na marimba ya Wadagaaba, gyil, hutumia skeli ya nota tano, tofauti na nota saba za Waakan. Mtunzi aliyekuwa amesikia yote mawili shambani, kwenye misiba na kwenye sherehe alikuwa na rangi nyingi kuliko mwenzake aliyesoma kitabuni tu.

Mnigeria Akin Euba ndiye aliyeupa mwelekeo huu jina, upiano wa Kiafrika, karibu na mwaka 1970. Maana yake ni kuichukulia piano kama jamaa wa marimba, mbira na ngoma: mkono mmoja unashikilia mzunguko mfupi unaorudiwa, mfano wa kengele au ngoma ndogo, na mkono wa pili unaimba au unajibu kwa mapigo yanayopishana na ya kwanza. Piano inaruhusu hivyo kwa sababu nayo, ukiifungua kifuniko, ni nyundo zinazopiga nyuzi. Euba alikuwa mwanafunzi wa Nketia. Shahada yake ya uzamivu aliipata Legon, kilipo Chuo Kikuu cha Ghana, mwaka 1974 chini ya usimamizi wake. Vipande vya mwalimu vikakusanywa baadaye na kuchapishwa Accra mwaka 1994, vipande 12, vikielezwa wazi kuwa ni vya kufundishia.

Lakini mtunzi mmoja mwenye tepu nyingi hakutosha kuifanya nchi iandike muziki wake, na hapo ndipo siasa ilipoingia. Kiongozi wa nchi, Kwame Nkrumah, alitaka chuo kikuu cha Ghana kiache kuwa tawi la London. Taasisi ya Masomo ya Afrika ilianza kazi Legon mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwingereza Thomas Hodgkin akiwa mkurugenzi wa kwanza, na Nkrumah akaifungua rasmi tarehe 25 Oktoba 1963 kwa hotuba iliyowataka wasomi waache kuitazama Afrika kwa macho ya watawala wa zamani. Hewa hiyo ilivuma bara zima. Huku kwetu Tanganyika, tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere alikuwa ametangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, akilalamika kwamba vijana waliosoma walifundishwa kudharau ngoma za kwao.

Nketia alipata uprofesa mwaka 1963 na ukurugenzi wa taasisi mwaka 1965. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Februari 1966 wanajeshi walimpindua Nkrumah, na mambo mengi yenye alama yake yalivunjwa au yalitelekezwa. Taasisi ilibaki. Nketia aliiongoza mpaka mwaka 1979, akapita mapinduzi mengine na serikali kadhaa, na sehemu ya siri yake ilikuwa kwamba kazi aliyoifanya ilionekana na kusikika. Pamoja na mwalimu wa ngoma za kucheza Mawere Opoku alikuwa amekianzisha mwaka 1962 kikundi cha taifa, Ghana Dance Ensemble, kilichowaweka Waewe, Waga, Wadagomba na Waasante katika jukwaa moja, kila mmoja akijifunza mapigo ya mwenziwe. Na kati ya watu waliofanya kazi katika taasisi hiyo alikuwemo mzee mmoja mwenye kitambaa begani, ambaye filimbi yake ya mwanzi, atenteben, ilikuwa imeenea mashuleni: Ephraim Amu. Chuo Kikuu cha Ghana kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1965.

Kuileta ngoma chuoni kulikuwa na gharama zake. Ngoma ya mazishi iliyochukua usiku kucha ililazimika kukatwa ili itoshee jukwaani. Watazamaji waliokuwa washiriki wakageuka kuwa wanunuzi wa tiketi. Na nani afundishe? Mabingwa wa ngoma wengi hawakuwa na cheti cha aina yoyote. Taasisi iliamua kuwaajiri kwa ubingwa wao, na darasa likawa na mwalimu wa nota upande mmoja na bingwa wa kijijini upande wa pili. Vyuo vingi vya Afrika vilikuja kuufuata utaratibu huo, ingawa mishahara ya pande hizo mbili haijawahi kulingana mahali pengi.

Ubora wa mabingwa hao ulithibitishwa na mgeni. Mwaka 1970 mtunzi kijana wa Kimarekani, Steve Reich, alifunga safari mpaka Legon kujifunza kwa Gideon Alorwoyie, bingwa wa ngoma za Waewe katika kikundi cha taifa. Malaria ilimkatiza masomo baada ya wiki chache. Alirudi New York, na mwaka 1971 akamaliza *Drumming*, kazi ya zaidi ya saa moja kwa ngoma, marimba na sauti za watu, ambayo sasa huhesabiwa kati ya nguzo za muziki wa Marekani wa karne ya 20. Reich alikuwa tayari anaandika vipande vya mizunguko inayopishana kabla ya safari hiyo, na haikuwa Ghana iliyomwanzishia wazo. Alichokipata Legon ni uthibitisho kwamba watu wengine walikuwa wamelijua wazo hilo kwa muda mrefu na kwa ustadi mkubwa. Bado, mlango aliopitia ulijengwa na Nketia, na wanaoisikiliza *Drumming* ni wengi mara elfu kuliko wanaoijua *Volta Fantasy*, kipande cha piano cha Nketia.

Nketia mwenyewe alikuwa akifundisha kote kuwili. Alikuwa profesa katika chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, na kutoka mwaka 1983 hadi 1991 alishika kiti cha Andrew Mellon katika chuo kikuu cha Pittsburgh, kiti ambacho Euba alikirithi baadaye. Mwaka 1974 kilitoka kitabu kilichokuja kuwa mwongozo wa darasani duniani kote, *The Music of Africa*. Kitabu hicho kina sehemu nne: jamii na utamaduni, ala, miundo ya muziki, na muziki pamoja na sanaa jirani zake. Msomaji wa Afrika Mashariki humo hakuti Afrika Magharibi peke yake. Tena mpangilio wake ni hoja: haanzi na ala, kama vilivyoanza vitabu vingi vya wageni, anaanza na watu wanaozipiga na sababu ya kuzipiga.

Afrika Mashariki ilikuwa na safari yake sambamba. Nchini Uganda, Joseph Kyagambiddwa alichapisha kitabu cha muziki wa Buganda mwaka 1955, mwaka uleule wa mbolezi za Nketia, kisha akatunga oratorio ya mashahidi wa Uganda, ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964. Kizazi kilichofuata kilimtoa Justinian Tamusuza, mtunzi na mwalimu wa Makerere, ambaye kipande chake cha ala nne za nyuzi, *Ekitundu Ekisooka*, kilirekodiwa na Kronos Quartet katika albamu ya mwaka 1992 iliyouzwa sana. Fidla katika kipande hicho zinapishana kwa namna ambayo mpiga amadinda, marimba ya Buganda, ataitambua mara moja. Njia ni ileile: kwanza sikio kwa wazee, halafu kalamu.

Alipostaafu Pittsburgh, Nketia alirudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianzisha Legon kituo cha kimataifa cha muziki na ngoma za Afrika, akaendelea kuandika, na baadaye akawa mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Akrofi-Christaller, iliyoko palepale Akropong na yenye majina ya mwalimu wake wa Kitwi na ya mwandishi wa kamusi. Hifadhi ya sauti ya chuo kikuu, yenye tepu za tangu miaka ya 1950, ikapewa jina lake. Kitabu kingine kilitoka mwaka 2016, akiwa na miaka 95. Alifariki dunia tarehe 13 Machi 2019.

Ukiipima kazi yake leo, upande wa vitabu umelipwa haki yake na upande wa tungo bado. Kuna waliojitahidi: mpiga piano William Chapman Nyaho, mwenye asili ya Ghana, aliviingiza vipande vya Nketia katika mkusanyo wake wa muziki wa piano wa Afrika uliochapishwa na Oxford University Press kuanzia mwaka 2007. Hata hivyo mwanafunzi wa piano wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala bado anafanya mtihani wake wa kila mwaka kwa vipande vya Clementi na Czerny, na anaweza kumaliza daraja la nane bila kugusa ukurasa mmoja ulioandikwa na Mwafrika. Walimu wanaotunga orodha za vipande vya mitihani ya ndani na matamasha ya shule hawana haja ya kusubiri wizara wala bodi ya mitihani ya London. Vipande 12 vya Nketia viliandikwa kwa ajili ya wanafunzi, vina nota zilizo wazi, na mwanafunzi wa wastani anavimudu. Viwekwe kwenye orodha muhula ujao.